Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyeimba hadi Bombay

JINA alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na katika Unguja ya siku hizo halikuwa jina la mzaha. Alizaliwa mnamo mwaka 1880 hivi katika kijiji cha Fumba. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa wenyewe hadi mwaka 1897. Babaye, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mamaye ya Kizigua. Baadaye bintiyo huyo wa wanyonge alikuja kuitwa Siti, jina la heshima apewalo bibi mwenye cheo, na ndilo alilozikwa nalo.

Kwao walikuwa wakulima na wafinyanzi. Mtumwa hakujua kusoma wala kuandika. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani na kwenda navyo mjini kwa miguu, akivinadi njiani. Husimuliwa kwamba wateja walimtambua kwa sauti kabla hajaonekana.

Mwaka 1911 aliamua kuhamia mjini. Makao yake yakawa Ng'ambo, mtaa uliotenganishwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Mkazi wa Likoni avukaye kwa feri alfajiri kwenda kutafuta riziki kisiwani Mombasa hana haja ya kuelezwa maana ya jina hilo. Huko Ng'ambo ndiko walikoishi waliowahi kuwa watumwa, watoto wao, wachukuzi, mafundi na wachuuzi. Mwanamuziki Muhsin Ali alimsikia, akatambua kipaji, akamfundisha kuimba kwa mpangilio. Punde akawa kiongozi wa kikundi kilichokuwa na akina Subeti Ambar, Budda Mwendo na Mbaruk Talsam.

Hapo ndipo ulipo uzito wa maisha yake. Tangu zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, taarab ilikuwa burudani ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wachache. Siti alijifunza kuimba kwa Kiarabu, na akaitwa kuimba katika kasri na katika nyumba za matajiri. Lakini aliichukua sanaa hiyo akaivusha, akaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, na nyimbo zikabeba mambo yao.

Mfano ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja alinajisiwa na kuuawa. Mshukiwa alitorokea bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Gazeti la serikali ya kikoloni lisingeandika kwa uchungu kama ule. Siti aliimba, na mahakama ikawa imehukumiwa barazani. Ni vigumu kumpata mwandishi wa habari wa enzi hiyo aliyefikisha jambo kwa watu wengi kiasi hicho, na huyu hakujua hata kuandika jina lake.

Hakukosa maadui. Wapo waliomtungia beti za kumkumbusha kaniki alizokuja nazo kutoka shamba na kumsimanga kwamba hana uzuri, na kwamba bila sauti asingekuwa na chochote. Naye aliwajibu kwa wimbo kuwa sura si hoja, akili ndiyo mali. Jibu hilo lilidumu kuliko matusi.

Mwaka 1928, wakati wakazi wa Ng'ambo walipokuwa wakigoma kulipa kodi ya ardhi, Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India (sasa Mumbai). Safari ilihitajika kwa sababu kampuni ya His Master's Voice ilikuwa na vifaa vya kurekodia huko. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki, na mwanamke wa kwanza, kutiwa katika santuri. Walirudi tena mwaka uliofuata. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu mengi, zikasambaa pwani nzima na bara. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mombasa aliweza kuketi mbele ya gramafoni na kusikia Kiswahili chake kikitoka katika mashine ya Wazungu.

India haikuwa bandari ya kupitia tu. Muziki wa pwani umekopa huko tabla na harmonia, na baada ya Siti ukakopa hata lahani za filamu za Kihindi. Mombasa ilimpata Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ambaye alizivisha lahani hizo mashairi ya Kiswahili hadi zikaonekana zimezaliwa hapa. Kwenye harusi za Kisauni na Changamwe hakuna aliyeuliza asili yake.

Karibu na mwisho wa uhai wake, Siti alitembelewa na Shaaban Robert, aliyetaka kusikia habari zake kutoka kinywani mwake mwenyewe. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Mazungumzo yale yalizaa Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili vimekisoma.