Salme na Lugha ya Mumewe

Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Mtoni, Unguja, mnamo 1844. Wasichana wa jumbani hawakufunzwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujasiri huohuo ulimfaa baadaye. Mwaka 1866 alitoroka kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Wakaoana Aden mwaka 1867, wakaelekea Hamburg. Huko ilimbidi ajifunze Kijerumani ukubwani, ili aishi na mumewe miongoni mwa jamaa zake. Mwaka 1870 Ruete alifariki katika ajali ya tramu. Maskini Salme! Lugha ya mapenzi iligeuka lugha ya kulelea mayatima watatu, na ndiyo aliyoitumia kuisimulia Mtoni katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886.