Mficha Maradhi: Somo la Mishipa ya Mzee Kenyatta

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Nakuru katika miaka ya 1970, tulizoea kutolewa madarasani na kupangwa kandokando ya barabara, vibendera mikononi, tukiungojea msafara wa Rais. Mzee Jomo Kenyatta aliipenda mno Ikulu ya Nakuru. Alikuwa akikaa humo kwa muda mrefu, akipokea wajumbe na kutazama ngoma za vikundi vilivyoletwa kumtumbuiza. Gari lake lilipopita tuliona usinga ukipungwa, nasi tukashangilia hadi koo zikatuuma. Hakuna mtoto wala mwalimu aliyethubutu kuuliza hali ya afya ya mzee yule. Leo nataka kuuliza. Sifanyi hivyo ili kumvunjia heshima marehemu, bali kwa sababu jibu lake lingali na faida kwetu sisi tulio hai.

Kila mwanafunzi wa historia anayajua maisha yake kwa jumla. Alizaliwa Gatundu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akaitwa Kamau wa Ngengi, akasomea kwa wamishonari wa Kiskoti huko Thogoto. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliishi Narok, akifanya kazi ya ukarani. Mnamo 1922 aliajiriwa katika idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuzungukia nyumba akisoma mita za maji. Jambo hili wengi hulipita haraka ili wafike London na kitabu chake cha 1938 kuhusu mila za Wakikuyu. Mimi naomba tulikumbuke. Mtu aliyepata kuifanya kazi ile bila shaka alifahamu kwamba mfereji ukiziba, nyumba nzima hupata taabu, hata kama bwawa limejaa pomoni.

Bonde la Ufa lilimjua Mzee kama mfungwa kabla ya kumjua kama mtawala. Alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria, na mnamo Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Alipelekwa Lokitaung, kisha Lodwar, na hatimaye Maralal, kabla ya kuachiliwa mwezi wa Agosti 1961. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, alisimama katika ukumbi wa manispaa hapa Nakuru mbele ya mamia ya masetla waliomhofu kama simba aliyefunguliwa kizimbani. Aliwaeleza kwamba alikuwa tayari kusamehe yaliyopita, naye akaomba asamehewe. Akawasihi wabaki, walime, wajenge nchi pamoja na wengine. Wengi walioingia wakiwaza kufungasha mizigo walitoka wakiwa na fikira nyingine.

Mtu huyo aliyekuwa na ujasiri wa kusema wazi mbele ya mahasimu wake hakuwa na uhuru wa kusema wazi kuhusu mwili wake mwenyewe. Mwaka 1966 alipatwa na kiharusi chepesi. Mwezi wa Mei 1968 kikamrudia. Tena aliugua moyo, na jongo likamsumbua viungoni. Mambo haya yalifichwa wananchi kadiri ilivyowezekana.

Kiharusi ni nini? Aghalabu ni kuziba kwa mshipa unaopeleka damu ubongoni. Donge la damu iliyoganda hukwama penye njia nyembamba, na sehemu ya ubongo iliyotegemea njia hiyo huanza kufa kwa kukosa hewa safi inayobebwa na damu. Mshtuko wa moyo nao kwa kawaida ni msiba huo huo katika mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Donge likifungia katika vena kubwa ya mguu, mguu huvimba, na kipande chake kikimeguka huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua kwa ghafla. Mahali hutofautiana, lakini kisa ni kimoja: mfereji umeziba.

Tazama basi jinsi mshipa wa mtu mmoja unavyoweza kuitikisa nchi. Mwaka ule ule wa 1968 katiba ilirekebishwa, ikawekwa kwamba Rais akifariki, Makamu wake atashika madaraka kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike. Wakubwa waliokuwa karibu na Mzee walikwisha kuiona dalili, nao wakaanza kupimana nguvu. Mnamo Septemba 1976 mkutano mkubwa ulifanyika hapa hapa Nakuru, ambapo wanasiasa kama Kihika Kimani walidai kifungu hicho kibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asirithi kiti moja kwa moja. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Kelele zikanyamaza. Pamoja nazo yakanyamaza mazungumzo yoyote ya maana kuhusu afya ya mzee aliyekuwa akikaribia miaka themanini na kitu.

Tarehe 21 Agosti 1978 Mzee alizuru Msambweni katika Pwani ya kusini. Alfajiri ya kesho yake alifariki katika Ikulu ya Mombasa kwa mshtuko wa moyo. Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak, mwendo mfupi kutoka mjini kwetu. Aliamshwa kwa simu, akashika njia ya Nairobi asubuhi hiyo, na kabla ya jua kutua alikuwa ameapishwa kuwa Kaimu Rais. Sisi tulikuwa likizoni. Nakumbuka redio ya Sauti ya Kenya ilivyobadilisha muziki, na baba yangu alivyoketi chini ghafla. Tulilia kwa sababu tulimpenda, na pia kwa sababu hatukuwa tumeandaliwa. Mtu wa umri ule, mwenye maradhi yale, alikufa kana kwamba amepigwa na radi.

Haki inanilazimu niseme kwamba tiba ya siku zile ilikuwa na mipaka. Daktari Mjerumani, Werner Forssmann, alikuwa amejipitishia mwenyewe katheta, yaani mpira mwembamba, kutoka mkononi hadi moyoni mwaka 1929. Mwaka 1963 Thomas Fogarty wa Marekani alitangaza katheta yenye kibofu kidogo cha kukokotea madonge katika mishipa ya miguu na mikono. Mnamo Septemba 1977 Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo kwa kibofu mjini Zurich, kwa mara ya kwanza duniani kwa mgonjwa aliye macho. Mzee alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja ya kuishi. Kwa hiyo sidai kwamba uwazi peke yake ungalimwokoa. Nadai kwamba uwazi ungalituokoa sisi wengine.

Katika miaka ya 1990 kilitokea chombo ambacho msoma mita yule wa zamani angalikitambua mara moja: katheta inayozibua mishipa kwa mchirizi wa maji. Maji ya chumvi safi husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia kijirija chembamba hadi nchani. Huko hugeuzwa, yakatoka kwa vitundu vidogo yakielekea nyuma kwa kasi kubwa mno, ndani ya mrija wa kutolea taka. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni ya Bernoulli: majimaji yaendapo kasi, shinikizo lake hupungua. Ndivyo mtambo wa kupulizia rangi za magari unavyoivuta rangi kutoka koponi. Basi penye shinikizo hafifu donge huvutwa kupitia madirisha madogo ya ubavuni, likakatwakatwa na mchirizi, likasukumwa nje ya mwili hadi mfukoni. Mshipa hausuguliwi kwa chuma wala mgonjwa hapasuliwi sana. Tundu moja la sindano linatosha.

Nisije nikawa kama mwuza dawa sokoni anayesifia chupa yake. Mchirizi huo huvunja pia chembe nyekundu za damu, mkojo ukaweza kubadilika rangi na figo zikalemewa, hivyo daktari huuendesha kwa muda uliopimwa. Hutumika zaidi katika mishipa ya miguu na mikono. Kwa ubongo njia iliyothibitishwa kwa utafiti mkubwa mwaka 2015 ni nyingine, yaani kunasa donge kwa wavu mdogo wa waya. Vyombo hivi ni ghali, na wataalamu wa kuvitumia ni wachache katika nchi zetu. Lakini kuna sharti moja ambalo fedha haiwezi kulinunua: mgonjwa afike mapema. Dawa ya kuyeyusha donge la kiharusi inatakiwa itiwe ndani ya saa nne na nusu hivi. Nalo donge la mguuni likikaa majuma mengi hugeuka gumu, likashikamana na ukuta wa mshipa, na mchirizi wa maji haulifai tena.

Hili la mwisho sikulisoma kitabuni. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa basi usiku kucha kutoka Mombasa hadi Nakuru, nikiwa nimekunja magoti kama kuku wa sokoni. Siku chache baadaye mguu wangu wa kushoto ukavimba, ukawa wa moto. Nilimwambia mke wangu nimeteguka. Shuleni nilivaa suruali pana, nikasahihisha mitihani mguu ukiwa juu ya kiti. Ulikuwa muhula wa tatu, watahiniwa wangu walinitegemea, tena kulikuwa na fununu za kupandishwa cheo. Niliogopa kuitwa mgonjwa. Karibu majuma matatu yalipita hadi asubuhi moja nilipopanda ngazi nne tu na pumzi ikanikatika. Binti yangu ndiye aliyeniburuta hospitali. Picha zilionyesha donge kubwa katika vena ya paja, na kipande chake kilichokwisha kufika pafuni.

Nilitibiwa kwa dawa za kuzuia damu isigande, nami namshukuru Mungu kwamba naandika haya. Daktari kijana aliyenihudumia alinieleza kuhusu katheta ya maji, akanichorea karatasini. Nilimwuliza iwapo ingenifaa. Akanijibu kwa upole kwamba ningekuja siku za mwanzo, jambo hilo lingeweza kufikiriwa. Tangu hapo mguu wangu huvimba kila jioni, na hufundisha nikiwa nimeketi. Kuna usiku nilipolala wodini nikaukumbuka usinga ule ukipungwa barabarani. Nilitambua kwamba nilikuwa nimefanya kwa cheo changu kidogo yale yale yaliyofanywa kwa cheo kikubwa cha Mzee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilinibisha hodi tu, kikaondoka.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mwaka 1968 taifa lilikuwa changa, lina maadui ndani na nje, na kutangaza udhaifu wa Rais kungalialika fitina. Hoja hiyo ina uzito. Lakini je, siri ilizuia fitina? Mkutano wa Nakuru wa 1976 ulizaliwa na nini kama si minong'ono kuhusu maradhi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyataja? Wakubwa walijua, wakapanga. Wananchi hawakujua, wakashtukizwa. Katiba ya 2010 ilikiri kosa hilo kimyakimya. Kifungu cha 144 kinaweka utaratibu wa kuchunguza iwapo Rais hawezi tena kazi kwa sababu ya maradhi, na katika jopo la watu watano sharti watatu wawe madaktari. Lililokuwa kosa la kunyongwa kuliwazia sasa limeandikwa katika sheria kuu ya nchi.

Hata hivyo hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haikuwa ya kisiasa. Mzee alikuwa mwalimu wa taifa zima. Laiti wananchi wangaliambiwa mwaka 1968 kwamba Rais wao amepatwa na kiharusi, kwamba dalili zake ni mdomo kwenda upande, mkono kulegea na maneno kukorogeka, na kwamba presha huleta balaa hilo, wazee wangapi wa Bahati, Molo na Naivasha wangalipimwa mapema badala ya kudhaniwa wamerogwa? Jina lake limewekwa juu ya hospitali kuu ya nchi na juu ya barabara kuu ya mji wetu. Somo la mwili wake halikuandikwa popote.

Walimu wenzangu, tulifundishe sisi. Mwalimu wa fizikia afundishapo kanuni ya Bernoulli, autaje mshipa wa damu pamoja na mtambo wa rangi. Mwalimu wa historia afundishapo mwaka 1968, aeleze kilichoileta sheria ile. Nanyi wanafunzi, mkimwona mzazi au mwalimu wenu mdomo umekwenda upande, au mguu mmoja umevimba pasipo sababu, msione haya na msingoje ruhusa. Semeni, tena semeni siku hiyo hiyo. Binti yangu hakungoja ruhusa yangu, ndiyo maana mngali mnaye mwalimu huyu wa kuwasumbua kwa makala.