Mangi Meli: Alinyongwa Old Moshi mwaka 1900, fuvu lake linasakwa hadi leo

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Old Moshi, utafika Tsudunyi, kwenye mti ambao wenyeji wanauheshimu sana. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, Machi 2, 1900. Familia yake inasema kichwa chake kilikatwa na kusafirishwa Ujerumani. Kwa Mchaga, ambaye mtu wake huzikwa kihambani, hilo si jambo dogo.

Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, yule ambaye Wazungu walizoea kumwita Mandara. Rindi alikuwa mjanja, aliyejua kuishi na wageni, na mwaka 1885 alikubali mkataba na Wajerumani. Alipofariki mwaka 1891, Meli akashika kiti akiwa bado kijana. Uvumilivu wa baba yake yeye hakuurithi.

Juni 1892 kikosi cha Kijerumani chini ya Luteni von Bülow kilipanda kwenda kumwadhibu. Kikachakazwa, na von Bülow mwenyewe akauawa. Lakini Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa la Kanali von Schele, na safari hii Meli alishindwa.

Mwaka 1900 akatuhumiwa kula njama na mangi wenzake pamoja na watu wa Arusha na Meru. Wakanyongwa 19 siku hiyo moja, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Nani aliwachongea? Swali hilo bado linagombanisha watu huko mlimani.

Sasa, fuvu lake unalitambuaje?

Kwa maiti ya juzi, wapelelezi huwaangalia wadudu. Nzi hutangulia. Kisha wanakuja mbawakawa: wa jamii za Silphidae, Histeridae na Staphylinidae hufika mwili ukiwa bado na majimaji, na wengi wao hula funza wa nzi. Mwili ukikauka ndipo wanaingia Dermestidae na Cleridae. Dermestidae hutafuna ngozi kavu hadi ibaki mifupa mitupu, ndiyo maana makumbusho mengi huwafuga wawasafishie mifupa. Mtaalamu akijua ni mbawakawa gani waliopo, na lava wao wamekua kiasi gani, anakadiria kifo kilitokea lini.

Ila saa hiyo ya wadudu hupima siku, wiki, pengine miezi. Fuvu lililokaa kabatini zaidi ya miaka 120 halina mdudu wa kuuliza. Hapo kinachobaki ni vinasaba.

Basi mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yakatangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na takriban 200 ya Tanzania. Vinasaba vya mafuvu machache vililinganishwa na vya familia za Kilimanjaro zilizo hai, na matatu yakaonyesha uhusiano. Moja lilikuwa na neno Akida juu yake: ni la Sindato Kiutesha Kiwelu, mshauri wa karibu wa Mangi Meli.

La Meli mwenyewe halikupatikana. Na Berlin si mahali pekee pa kutafuta: mafuvu mengi ya Felix von Luschan, mtaalamu aliyekuwa akipokea mifupa kutoka makoloni, yaliuzwa New York baada ya yeye kufariki mwaka 1924.