Arnold Theiler, daktari wa mkono mmoja aliyeifichua ndigana

MFUGAJI wa Nyagatare akisikia neno ikibagarira, hushtuka. Huo ndio ugonjwa ambao kule Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kusomea, mabwana mifugo waliuita ndigana kali.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilirudi nyumbani Rwanda mwaka 1996 nikiwa kijana wa miaka 18, nikiswaga pamoja na marehemu baba ng'ombe wachache tuliobaki nao.

Mwaka 2008 nilikopa fedha nikanunua mtamba chotara wa Friesian kutoka milimani kwenye baridi. Nikamwachia alishe pamoja na ng'ombe wetu wa pembe ndefu. Mwezi haukuisha. Tezi za chini ya masikio zilivimba, akashikwa na homa, akaanza kuhema huku povu likimtoka puani. Alikufa alfajiri, na deni likabaki palepale.

Mama aliniuliza swali moja tu. Kwa nini amekufa huyu peke yake, na wale waliokula naye majani yale yale wako salama? Nilikuwa nafundisha vimelea darasani wiki ile ile, lakini sikuwa na jibu. Jibu nilikuja kulipata katika maisha ya Arnold Theiler.

Theiler alizaliwa Frick, Uswisi, mwaka 1867. Baada ya kuhitimu udaktari wa mifugo alikwenda Afrika Kusini mwaka 1891, akafungua kazi Pretoria. Wateja walikuwa haba, akalazimika kuajiriwa shambani. Huko mashine ya kukatia majani ya mifugo ikamkata mkono wa kushoto.

Wengi wangefunga mizigo na kurudi kwao. Yeye alijizoeza kufanya kazi kwa mkono mmoja, na mwaka 1893, ndui ilipozuka katika migodi ya dhahabu, alitengeneza chanjo. Serikali ikaanza kumfahamu.

Mwaka 1896 sotoka ilivuka mto Zambezi. Ni ugonjwa ule ule uliokuwa umewamaliza ng'ombe wa babu zetu huku Maziwa Makuu miaka michache kabla, ambao wazee wetu waliuita muryamo. Theiler alitumwa Bulawayo kuuchunguza, na pamoja na mwenzake Herbert Watkins-Pitchford wakatafuta njia ya kuwakinga ng'ombe kwa kutumia damu ya waliopona.

Baada ya sotoka na vita vya Makaburu, Kusini kulikuwa hakuna ng'ombe wa kutosha. Wakaagizwa wengine kwa meli hadi bandari ya Beira. Wapo waliotoka pwani yetu ya Afrika Mashariki na wapo waliotoka Australia. Wale wa kwetu walionekana wazima kabisa. Wale wa Australia walikufa karibu wote, na kuanzia 1902 ng'ombe wa Rhodesia na Transvaal nao wakaanza kuanguka.

Msomaji wangu bila shaka umeona ninakoelekea. Mtamba wangu alikuwa kama ng'ombe wa Australia.

Mwanzoni walidhani ni ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao ulikuwa ukijulikana tayari. Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu, aliwahi kuviona vimelea hivi vidogo alipokuwa Dar es Salaam akafikiri hivyo hivyo. Alipoitwa Rhodesia mwaka 1903 alikiri kwamba huu ni ugonjwa mwingine. Hata hivyo, dawa aliyopendekeza ya kuwadunga ng'ombe damu ya waliopona haikufaa kitu.

Theiler alikuwa na maabara ndogo Daspoort, nje ya Pretoria. Hakubishana kwa maneno. Alijaribu, akarudia, akaandika. Alionyesha kwamba kwa kawaida damu haiambukizi ugonjwa huu, bali kupe, na mwaka 1904 akakipa kimelea chake jina. Charles Lounsbury wa Rasi naye alimthibitisha kupe wa kahawia wa masikioni kuwa mhusika.

Kupe huyo hula kwa wanyama watatu katika maisha yake. Huuchukua ugonjwa kwa mmoja akiwa mdogo, huanguka, hujibadilisha ngozi, kisha humwambukiza anayefuata. Kwa hiyo malisho yakikaa bila ng'ombe zaidi ya mwaka mmoja husafika. Kwa ujuzi huo, josho na uzio, Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa katika miaka ya 1950. Tangu 1907 jamii ya vimelea hivyo inaitwa Theileria.

Leo tunajua kwamba kimelea huingia ndani ya seli nyeupe za damu na kuzilazimisha zigawanyike ovyo, ndiyo maana tezi huvimba. Ndama wa asili akiugua akapona hupata kinga, lakini hubaki na kimelea, na kupe hukichota kwake. Hilo ndilo jibu la mama.

Mwaka 1908 Theiler alifungua kituo cha utafiti cha Onderstepoort. Huko Kaskazini mwa Rasi ng'ombe walikuwa wakipooza na kufa. Awali yeye mwenyewe alishuku mimea yenye sumu. Uchunguzi ukamwonyesha kwamba udongo wa kule hauna fosforasi ya kutosha, hivyo ng'ombe walitafuna mifupa ya mizoga na kula sumu iliyomo. Aliyaacha mawazo yake ya zamani, akashauri walishwe unga wa mifupa.

Si kwamba kila mtu alimshukuru. Uzio, karantini na josho la lazima vililetwa na serikali ya kikoloni bila kumuuliza mfugaji Mwafrika, na mwaka 1914 watu wa East Griqualand waliyabomoa majosho. Nao Waafrika waliowashika na kuwalisha ng'ombe wa majaribio hawatajwi sana vitabuni.

Theiler alistaafu mwaka 1927, akafariki London mwaka 1936. Binti yake Gertrud akawa bingwa wa kupe. Mwanawe Max alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano, ile tunayoonyesha kadi yake mipakani.

Deni nilimaliza kulilipa mwaka 2010, nikanunua mtamba mwingine. Kupe huhitaji siku tatu au nne za kunyonya kabla ya kuambukiza, kwa hiyo simsubiri azeeke sikioni. Kila Jumamosi nanyunyizia dawa, na katikati ya wiki wanafunzi wangu huja kukagua masikio. Nami huwauliza swali la mama kabla sijawapa jibu.