Munganga Browne na wasaidizi wake

Safari hii tunaeleza maisha ya Stanley Browne. Sisi wa Lubunga tunavuka mto kila siku, lakini kazi iliyofanyika chini ya mto huu wengi wetu hatuijui.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1907. Kwao hawakuwa matajiri. Akaacha shule angali kijana, akawa karani, na jioni akashika tena vitabu mpaka akapata nafasi ya kusomea uganga. Mwaka 1936 akafika Yakusu, misheni ya Wabatisti iliyo chini ya Kisangani, ng'ambo ya kuume. Mbele yake Munganga Chesterman alikuwa amekwisha kujenga hospitali na kuanza kufundisha vijana.

Basi, alikuta nini? Vijiji vingi, ukoma mwingi, munganga mmoja. Peke yake hangeweza. Kwa hiyo akaendeleza shule ya wauguzi, wale tunaowaita maenfirmie. Vijana wakajifunza kutambua magonjwa, kutazama damu katika mikroskopi, kutunza dawa na vitabu. Kisha wakatumwa kwenye zahanati za porini. Munganga alipita kukagua, akaenda. Siku zingine zote mgonjwa alimuona paka yule kijana.

Huku upande wetu wa kushoto, Yalisombo, palikuwa kijiji cha wenye ukoma. Zamani walidungwa mafuta ya chaulmoogra. Baadaye ikaja dapsoni, na ugonjwa ukaanza kushindwa. Lakini dawa haifufui mshipa wa fahamu uliokufa. Mtu amepona, kumbe anashika chungu cha moto na hasikii kitu. Anaungua, kidonda kinaoza, vidole vinajikunja. Hapo inatakiwa mtu wa kutazama mikono kila siku, kuilowesha majini na kuipaka mafuta, kunyoosha vidole, kufunga kitambaa kwenye mpini wa jembe, kumfundisha mgonjwa kupika na kulima bila kujiumiza. Leo kazi ya namna hii inaitwa ergoterapi, na wasaidizi wake wanasomeshwa.

Browne aliondoka Kongo mwaka 1959. Kule Uzuakoli, Nigeria, alikuwa kati ya watu wa kwanza kujaribu klofazimini kwa wenye ukoma. Dawa hiyo imekuwa moja ya zile tatu zinazotolewa pamoja tangu miaka ya 1980. Alikufa mwaka 1986.

Tusifiche jambo moja. Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani hakupita cheo cha msaidizi. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima haikuwa na munganga Mkongomani hata mmoja. Lakini waganga wageni walipokimbia, nani alibaki na wagonjwa? Ni wasaidizi na maenfirmie. Wasaidizi wengine walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo, wakarudi waganga kamili.

Leo mlango uko wazi, na ndiyo maana tukiulizwa darasani, sisi wote tunajibu: munganga! Msaidizi, hakuna anayetaka. Ni vizuri kutamani uganga. Lakini mama mwenye vidole vilivyojikunja hataki kujua diploma yako ina urefu gani. Anataka kujua kama kesho utarudi kumnyoosha mkono, na kesho kutwa pia. Mwenye kuweza hivyo, asione haya kuandika jina lake.