Alfred Büchi, Mswisi aliyeufanya moshi wa ekzosi usukume lori

KIGALI – Malori yanayoingia Kigali kutoka mpaka wa Rusumo hupita Kayonza, Rwamagana na Kabuga kabla ya kufika makutano ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, mahali palipopewa jina la kiwanda cha mabomba. Kwa miaka mingi malori hayo yalishuka kutoka hapo kuelekea maghala ya forodha ya Gikondo, hadi bandari kavu ya Masaka iliyozinduliwa mwaka 2019 ilipochukua sehemu ya mzigo huo.

Dereva aliyetoka Dar es Salaam anapofika hapa amekwishakata takriban kilomita 1,500, ametoka usawa wa bahari na kupanda hadi mita 1,500 na zaidi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya bandarini. Injini isiyo na msaada hupungukiwa pumzi, na msaada wenyewe ni kifaa kimoja kinachofungwa kwenye ekzosi: tabo.

Ndiyo maana wenye malori huuliza swali lile lile: nikitoa tabo ya kiwandani na kufunga kubwa zaidi, je, lori litapanda mlima kwa wepesi? Jibu linapatikana katika maisha ya mtu aliyebuni kifaa hicho, Alfred Büchi, ambaye alihangaika miaka 20 kabla ya kukipatanisha na injini.

Mtoto wa Winterthur

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika mji wa Winterthur nchini Uswisi. Mji huo ulikuwa makao ya kampuni ya Sulzer, iliyotengeneza mitambo mikubwa na injini, na baba yake alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni hiyo. Mwaka huo huo Rudolf Diesel, ambaye injini ya dizeli inaitwa kwa jina lake, alikuwa kijana anayejifunza kazi katika karakana za Sulzer.

Büchi alisoma uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich na kumaliza mwaka 1903. Baada ya hapo alifanya kazi Ubelgiji na Uingereza, ambako injini za dizeli zilikuwa bado ngeni na nzito mno kwa nguvu zilizotoa.

Jambo lililomsumbua lilikuwa hasara. Takriban theluthi mbili ya joto la mafuta yaliyoungua halikugeuka kuwa kazi, na sehemu kubwa yake ilitoka nje na moshi. Büchi akajiuliza kwa nini moshi huo wa moto na wenye kasi usizungushe mapanga, na mapanga hayo yakazungusha feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi inaruhusu mafuta zaidi kuungua vizuri, na injini ya ukubwa ule ule inatoa nguvu zaidi.

Tarehe 16 Novemba 1905 aliandikisha hataza ya wazo hilo nchini Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 26.

Miaka 20 ya kutafuta kipimo

Hapa ndipo msomaji mwenye lori anapaswa kusoma kwa makini. Wazo lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, lakini mtambo haukufanya kazi.

Katika mchoro wa 1905, injini, feni na mapanga vyote vilifungwa kwenye shafti moja. Maana yake ni kwamba tabo ililazimika kuzunguka kwa mwendo wa injini, ilhali feni ya hewa inahitaji mwendo wa kasi mara nyingi zaidi. Büchi alirudi Sulzer na kuanza majaribio mwaka 1911. Mtambo wa majaribio wa 1915 ulishindwa kushikilia presha ya hewa ya kutosha. Vyuma vya wakati ule navyo havikuvumilia vizuri joto la ekzosi.

Wengine nao walikuwa wakijaribu. Mfaransa Auguste Rateau alifunga tabo kwenye injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 hivi, kuonyesha kwamba tabo inaweza kurudisha nguvu zinazopotea mlimani. Lakini Büchi alibaki na dizeli, injini ya kazi na ya mizigo.

Suluhisho lilikuja kwa hatua. Tabo ilitenganishwa na shafti ya injini, ikawa huru kutafuta mwendo wake. Vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi zikapangwa zifunguke pamoja kwa muda mfupi, ili hewa safi ioshe silinda na kupoza sehemu za ndani. Mwaka 1925 Büchi akaandikisha hataza nyingine muhimu: mabomba ya ekzosi yagawanywe kwa makundi ya silinda, ili pumzi ya silinda moja isigongane na ya nyingine bali kila moja ifike kwenye mapanga ikiwa na nguvu zake.

Matokeo yalionekana baharini. Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za silinda kumi zenye tabo za Büchi. Nguvu za kila injini zilipanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500, yaani zaidi ya asilimia 40.

Büchi hakufanya biashara hiyo peke yake. Alishirikiana na kampuni ya Brown Boveri ya mji wa Baden, iliyotengeneza tabo, na kiwanda cha treni na mashine cha Winterthur, kilichotoa injini za majaribio. Yeye alibaki na kazi ya kuhakikisha kwamba kila injini inapata tabo inayoifaa. Mwaka 1938 chuo chake cha Zürich kilimtunuku shahada ya heshima.

Mwaka huo huo wa 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ilifunga tabo kwenye injini ya lori. Mwaka 1954 Volvo ya Sweden ikatoa lori la Titan Turbo, ambalo injini yake ilipanda kutoka nguvu za farasi 150 hadi 185. Büchi aliyaona hayo akiwa hai. Alifariki Winterthur mwezi Oktoba 1959, akiwa na miaka 80.

Somo kwa mwenye lori

Kazi ya Büchi inaonyesha kwamba tabo si kifaa cha kuongeza tu, kama taa au tangi la akiba. Ni nusu ya pili ya injini. Hupata nguvu zake kutoka kwenye moshi, na moshi hutokana na mafuta yaliyoungua.

Tabo kubwa ina mapanga mazito na njia pana ya moshi. Ili izunguke sawasawa inahitaji moshi mwingi. Injini ya kiwandani, ambayo pampu na nozeli zake hazijaguswa, hutoa moshi ule ule wa zamani. Kwa hiyo lori likiwa katika mzunguko wa chini, likipanda na mzigo kwa gia nzito, tabo kubwa huchelewa kuamka. Hewa inakuwa pungufu wakati mafuta yanaendelea kuingia, moshi mweusi unatoka, na joto la ekzosi linapanda pale pale dereva anapohitaji nguvu.

Baadhi ya mafundi hujibu kwa kufungua pampu ili mafuta yaongezeke. Hapo nguvu zinaweza kuja kweli, lakini kwa bei. Pistoni, gasketi ya silinda hedi, rejeta na klachi vilitengenezwa kwa nguvu za awali. Katika malori mapya kompyuta ya injini ndiyo inayopima mafuta, na kubadilisha tabo bila kuipanga upya hakuleti faida ya maana.

Jambo jingine ni yale mabomba yaliyogawanywa mwaka 1925. Malori mengi ya silinda sita bado yanatumia mpango huo: silinda 1, 2 na 3 upande mmoja, 4, 5 na 6 upande mwingine, na tabo ina milango miwili ya kupokea moshi. Fundi akifunga tabo kubwa yenye mlango mmoja kwenye mfumo huo, pumzi za silinda zinachanganyika na sehemu ya nguvu aliyoipata Büchi inapotea.

Ni kweli kwamba tabo ndogo mno nayo ina hatari. Kwenye miinuko kama Timboroa nchini Kenya, mita 2,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu robo, na tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa presha ile ile. Ikizidi kiwango chake, beringi na mapanga huharibika. Kwa hiyo kuna mahali tabo kubwa kidogo inafaa, ikiwa imechaguliwa kwa hesabu: ukubwa wa injini, mzunguko inaofanyia kazi, mafuta inayopewa, na mwinuko wa njia.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye lori na amwombe fundi ampimie presha ya hewa na joto la ekzosi lori likiwa na mzigo mlimani. Mara nyingi kinachopatikana ni mpira wa hewa uliopasuka, chujio lililoziba au nozeli zilizochakaa. Hizo hurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko tabo mpya.

Tena, nguvu za ziada haziongezi mzigo unaoruhusiwa. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa lori zima, na mizani haiulizi tabo ni ya ukubwa gani. Faida pekee ni muda na mafuta, na hizo hupotea zote siku injini inapokufa kati ya Rusumo na Kigali, mzigo wa watu ukiwa juu.