Arthur Lydiard

Arthur Leslie Lydiard (Auckland, 6 Julai 1917 – Texas, 11 Desemba 2004) alikuwa mkimbiaji na kocha wa riadha kutoka New Zealand. Anakumbukwa kwa kuwafundisha wanariadha kujenga stahamala kwa mbio ndefu, kisha kupanda vilima, kabla ya kuanza mazoezi ya kasi uwanjani.

Maisha

Lydiard alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Katika miaka ya 1940 alikimbia maili chache na mwenzake wa klabu, akaishiwa pumzi vibaya. Hapo akaanza kujifanyia majaribio mwenyewe: wiki nyingine alikimbia kupita kiasi, nyingine kidogo mno, mpaka akaona kilomita 160 hivi kwa wiki ndizo zinazofaa. Alikuwa bingwa wa marathoni wa nchi yake mwaka 1953 na tena 1955.

Mazoezi ya vilima

Kila Jumapili vijana wake, wengi wakiwa wa mitaa ya jirani, walikimbia njia ya Waiatarua, kilomita 35 hivi, katika vilima vya Waitakere magharibi mwa Auckland. Hata Peter Snell, mkimbiaji wa mita 800, hakusamehewa.

Baada ya wiki nyingi za mbio hizo kilifuata kipindi maalumu cha vilima, wiki nne hadi sita. Mkimbiaji alipanda kwa kurukaruka, akinyanyua magoti na kujisukuma kwa vifundo vya miguu, bila haraka ya kufika. Juu alikimbia polepole ili pumzi irudi, akashuka kwa hatua ndefu zilizolegea, kisha akapiga mikimbio mifupi ya kasi kwenye tambarare ya chini, na kurudia tena. Mwinuko hulazimisha mapaja na ndama kuubeba mwili, hivyo nguvu hupatikana bila kuinua vyuma. Wanafunzi wanaopenda kuanza moja kwa moja na kilima wazingatie utaratibu huu: kwa Lydiard, kilima bila msingi wa mbio ndefu kilikuwa njia ya kuumia.

Ushindi

Makocha wengi wa wakati huo walitegemea kukimbia vipande vifupi uwanjani, wakaamini kilomita nyingi zingeua kasi ya mkimbiaji wa masafa ya kati. Lydiard hakuwa hata kocha rasmi wa timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Roma. Tarehe 2 Septemba 1960, Snell alishinda mita 800, na muda mfupi baadaye Murray Halberg, ambaye mkono wake wa kushoto ulilemaa kwa ajali ya raga, akashinda mita 5000. Barry Magee naye alikuwa wa tatu katika marathoni iliyoshindwa na Abebe Bikila wa Ethiopia.

Mwaka 1964 mjini Tokyo Snell alitwaa dhahabu mbili, mita 800 na 1500. Katika ile ya 800 wa tatu alikuwa Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki.

Baadaye Lydiard alifundisha Mexico na Ufini. Alihimiza pia watu wa kawaida kukimbia polepole kwa ajili ya afya, jambo ambalo kocha Bill Bowerman alilipeleka Marekani. Alifariki akiwa katika ziara ya mihadhara nchini humo.